Re: Jipu la ubongo linatibika bila kupasuliwa?

Pole na kuuguza, mkuu. Umeuliza kama jipu la ubongo la mdogo wako linaweza kupona bila upasuaji. Linaweza, ila si kila jipu. Likiwa chini ya sentimita 2.5 hivi na mgonjwa ana fahamu zake, madaktari huweza kuanza na dawa peke yake. Likizidi hapo, au likikaribia vyumba vya maji ya ubongo, kwa kawaida upasuaji haukwepeki. Na mara nyingi ni tundu dogo la kunyonya usaha, si kufumua fuvu zima kama watu wanavyotishana.

Dawa ni za mshipa, mara nyingi seftriaksoni na metronidazo (ndiyo Flagyl ile ile, ila ya dripu), wiki 6 hadi 8. Shemeji yangu wa Temeke, homa ilipokata tu akaanza kudai arudi nyumbani, eti kapona. Picha ya CT ikaonyesha jipu bado lipo, limesinyaa tu. Tukambana akamaliza dozi.

Wamepima VVU? Toksoplasma (vimelea vinavyoshambulia ubongo wa mtu ambaye VVU vimeshusha kinga yake) hufanana sana na jipu kwenye picha, na dawa zake ni nyingine. Halafu, dogo hana sikio linalotoa usaha au jino bovu? Maambukizi huweza kupanda ubongoni kutoka huko.