Jibu: Kuwapima wapiga piano wa Chopin ukiwa Kisumu

Ndugu wa Kisumu, umeuliza utajuaje nani amepiga vizuri zaidi kwenye mashindano ya piano ya Chopin, mtunzi wa Kipolandi, kule Warsaw, ikiwa wote hawakosei noti. Anzia kwenye mazurka, muziki wa dansi ya Kipolandi ambao Chopin aliutungia piano. Ina mapigo matatu, lakini uzito mara nyingi huangukia pigo la pili au la tatu. Anayeegemea la kwanza kila mara ameigeuza walzi, dansi nyingine ya mapigo matatu ambayo uzito wake uko kwenye pigo la kwanza. Wengi wenye vidole vyepesi hukwama hapo, na ni haki. Kisha fuata mkono wa kushoto peke yake: wa kulia ukichelewesha noti, wa kushoto usiyumbe, la sivyo dansi inapotea. Pedali, ile ya mguu inayorefusha sauti, isipoachiliwa besi (noti za chini) inapobadilika, sauti huvurugika. Spika ya simu huficha kosa hilo, kwa hiyo vaa hedifoni.