Kabla hujamleta kobe mchanga nyumbani

Kobe wangu wa kwanza walikuwa wawili, na mmoja alinifia mkononi wiki ya kumi na moja. Naanza na hilo kwa sababu kila baada ya muda napigiwa simu na ndugu wa kutoka nyumbani wanaoishi huku Uingereza. Mtoto anataka kobe, na wao hawajui waanzie wapi. Nawaelekeza kwa yule aliyekufa, maana karibu yote ninayoyajua leo niliyajua kwa kumkosea yeye.

Binti yangu alikuwa na miaka minane tulipokwenda likizo. Tukavuka mpaka Changuu, pale mbele ya mji wa Zanzibar, akawalisha majani wale kobe wakubwa ambao wa kwanza wao, wanne, waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Tuliporudi Leicester akawa hana wimbo mwingine. Mwezi wa tisa mwaka ule ule tukaingia duka la wanyama, tukatoka na kobe wawili wa aina ya Hermann, wa miezi miwili, kila mmoja anaenea ndani ya kijiko cha pawa. Tukauziwa na tangi la kioo, balbu moja ya UVB, yaani ya kutoa miale kama ya jua, na mfuko wa maranda ya mbao. Tukaambiwa kobe mchanga hahitaji zaidi ya hapo.

Vile vitu vitatu ndivyo vilivyomuua.

Nitaeleza la ukavu kwa kirefu, kwa sababu wageni wengi hudhani kobe ni mnyama wa jangwani na kwamba akikaa pakavu ndipo panapomfaa. Kobe mzima anavumilia. Mchanga havumilii. Huko kwao kusini mwa Ulaya, kifaranga wa kobe haonekani ovyo. Mchana kutwa amejichimbia chini ya vichaka na majani yaliyooza, mahali penye unyevu, anatoka kidogo kula na kuota jua kisha anarudi. Sasa mchukue huyo, gramu ishirini na kitu, umweke juu ya maranda makavu chini ya balbu saa kumi na mbili kwa siku. Unamwanika kama dagaa. Halalamiki. Anakula kidogo, analala sana, na wewe unasema ana tabia ya upole.

Dalili zipo, ila lazima ujue pa kutazama. Kobe hutoa uchafu mweupe pamoja na mkojo. Ukiwa laini, unateleza kama dawa ya meno, maji yanamtosha. Ukitoka mgumu, ukausugua kwa vidole ukahisi chenga kama za mchanga, figo zake zinahangaika. Mimi zile chenga niliziona wiki ya sita, nikazifagia pamoja na maranda nikidhani ni vumbi la chokaa.

Gamba nalo linasema. Vile vibonge vinavyoota mgongoni, kila kigae kimenyanyuka kama kichuguu, tuliambiwa miaka mingi kwamba vinatokana na chakula chenye protini nyingi. Mwaka 2003 watafiti wa Vienna walichapisha matokeo ya kulea kobe wachanga wa sulcata, wale wakubwa wa ukanda wa Saheli, katika viwango tofauti vya unyevu na vya protini. Kilichonyanyua magamba zaidi kilikuwa hewa kavu. Protini ilichangia kidogo tu. Na vibonge vikishaota havirudi chini.

Kwa hiyo acha tangi, acha maranda. Kobe haelewi kioo. Anaona upande wa pili, anakipanda na kukikwaruza siku nzima mpaka anachoka. Tengeneza boksi la mbao lenye kuta asizoweza kuona nje, urefu wa mita moja angalau, ili upande mmoja uwe na joto na mwingine uwe na ubaridi, achague mwenyewe. Chini tandika udongo usio na mbolea uliochanganywa na makumbi, kina cha vidole vinne au zaidi, kwa sababu atajifukia. Makumbi hayahaya yetu ya nazi, huku yanauzwa yamesagwa na kugandamizwa kama matofali, unayalowesha kwenye ndoo yanafumuka. Maji usinyunyize juu tu. Mimina pembeni yapenye chini, juu pabaki pakavu kidogo na chini pawe na unyevu. Maficho yake yawe kwenye kona yenye unyevu zaidi. Weka kipima unyevu karibu na ardhi, anapoishi yeye. Mimi nataka kisome asilimia 70 hadi 80.

Na kila asubuhi, muogeshe. Bakuli pana, maji vuguvugu, pima kwa kiwiko kama unavyopimia maji ya mtoto mchanga. Yafike pale gamba la juu linapokutana na la chini, yasipite kidevu. Dakika kumi na tano au ishirini. Ukikaa karibu utaona: kwanza anatembea akizunguka ukingo, anatafuta pa kutokea. Kisha anatulia. Shingo inatoka yote, pua na mdomo vinaingia majini, na koo linaanza kupwita taratibu, anakunywa. Baada ya kunywa atachafua maji. Hapo ndipo unapokagua ule weupe. Halafu mfute, umrudishe. Mwaka mzima wa kwanza usiiruke siku, hata siku ya sikukuu.

La pili ni mwanga. Kobe anahitaji vitu viwili vinavyotoka juani, joto na miale ya UVB. Bila ile miale mwili wake hautengenezi vitamini D3, na bila D3 chokaa yote utakayomlisha inapita bure. Balbu yetu ilikuwa ya UVB kweli, imeandikwa kwenye boksi. Lakini nilikuwa nimeiweka juu ya kifuniko cha kioo, na kioo cha kawaida kinazuia miale hiyo karibu yote. Kwa wiki tisa watoto wale walikaa kwenye mwanga mkali usiokuwa na kitu. Siku niliyomshika yule mdogo nikahisi tumbo linabonyea chini ya kidole gumba, kama kifuniko cha chupa ya plastiki, ndipo nikatafuta daktari.

Sasa natumia taa ndefu ya mrija, imening'inia wazi bila kioo wala plastiki kati yake na kobe, kwa umbali ulioandikwa na mtengenezaji. Naibadilisha kila mwaka hata kama inawaka vizuri, kwa sababu UVB hupungua mapema wakati jicho lako bado linaona taa nzima. Joto linatoka kwenye taa nyingine kando yake: chini ya taa nyuzi 32 hadi 35, upande wa pili 20 au 22. Usiku zima zote. Kobe wa Hermann hana shida na nyumba ya Kiingereza ikipoa usiku, mradi yuko mkavu juu na hapulizwi na upepo wa mlangoni. Na siku ya jua la kiangazi mtoe nje. Hakuna taa inayolifikia jua. Ila mfunike kwa waya, kunguru anamchukua kifaranga wa kobe kama anavyochukua wa kuku.

Chakula ndicho rahisi kuliko vyote, na kwa mtu wa Tanga ni furaha. Mchunga tunaoupika kwa nazi nyumbani una ndugu zake hapa, wanaota kando ya njia na kwenye nyufa za ua, na kobe anawapenda kupita kiasi. Dandelioni pia, majani na ua lake la njano. Haibiskasi anakula ua zima. Anachotaka ni magugu yenye nyuzi na chokaa nyingi, yasiyopuliziwa dawa, yaliyochumwa mbali na barabara ya magari. Letusi ya dukani ni maji matupu. Nyanya, ndizi, tikiti, hapana kwa kobe wa Hermann, matumbo yake hayakuumbwa kwa sukari. Chakula cha mbwa au paka, kamwe. Mara mbili tatu kwa wiki nyunyiza unga wa chokaa, na mwachie mfupa wa ngisi ndani ya boksi, ule mweupe mwepesi ambao kwetu unauokota ufukweni.

Sasa hili la wawili. Muuzaji atakuambia mmoja atakuwa mpweke. Sisi tulifurahi kuona mkubwa anapanda juu ya mdogo na kulala pale, binti yangu akasema wanakumbatiana. Walikuwa hawakumbatiani. Mkubwa alikuwa anamnyima mwenzake joto la taa. Alimfuata mpaka kwenye chakula, akasimama mbele yake, na mdogo akarudi kona yake. Hakukuwa na kung'atana wala kelele, kwa hiyo hatukuona kitu. Kobe wawili ndani ya boksi moja ni mnyonge mmoja na mbabe mmoja. Chukua mmoja. Hahitaji rafiki, na hatakuonea kinyongo.

Kuhusu karatasi, usione aibu kuuliza. Mpaka 1984, Jumuiya ya Ulaya ilipofunga mlango, kobe wa Mediterania walikuwa wakikusanywa porini na kuletwa huku kwa wingi wa kutisha, wengi wakafa kabla ya kumaliza mwaka. Leo kobe wa Hermann hauzwi Uingereza bila cheti cha Ibara ya 10, kinachotolewa na idara ya serikali iitwayo APHA, na lazima awe amezaliwa mikononi mwa wafugaji. Ukiambiwa cheti kitafuata, ondoka. Kwa ndugu walioko Marekani, tangu 1975 ni marufuku kuuza kobe wa kufugwa mwenye gamba lisilofika inchi 4, kwa sababu ya salmonela, vijidudu vya kuharisha, kwa watoto. Hiyo salmonela ni ya kweli: kila anayemgusa kobe ananawa kwa sabuni, na bakuli lake la kuogea haliingii jikoni.

Na tafadhali, usimbebe kobe kutoka nyumbani. Nimeulizwa zaidi ya mara moja kama mtu anaweza kumtia kwenye sanduku. Yule kobe bapa wa kwetu, mwenye gamba laini anayejibana kwenye nyufa za mawe, anapatikana Tanzania, Kenya na kidogo Zambia, na biashara ya kumfuga nje ndiyo iliyommaliza. Tangu 2019 yuko kwenye orodha ya kwanza ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, biashara ya walio porini imepigwa marufuku kabisa. Hata wewe uliyeko Arusha au Machakos ukikuta kobe mdogo wa madoa shambani, mwache aendelee na safari yake. Ni wa porini, analindwa na sheria, na kuishi naye ndani bila kibali ni kosa.

Ukiahidiwa jike au dume, jua kwamba muuzaji anabahatisha. Jinsia hupangwa na joto la mayai yanapoatamiwa, na haionekani kwa macho mpaka miaka kadhaa ipite. Suala la usingizi wa majira ya baridi nalo liache mpaka daktari amwone. Kobe mgonjwa au mwepesi akilazwa kwenye baridi haamki. Jambo utakalojadili na familia kabla ya yote ni umri: anaweza kufika miaka 50 na kuipita. Nyumbani kwetu imeshaandikwa nani atamchukua.

Nimebakiza mizani. Daktari alipompokea yule mdogo alimweka kwenye mizani, akasema gramu 21, akaniuliza alikuwa na ngapi mwezi uliopita. Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nikatafuta risiti ya duka, imeandikwa gramu 24. Katika umri ambao alipaswa kuwa anaongezeka, alikuwa anapungua mbele ya macho yangu, na kwa macho haionekani, gamba halikondi. Alikufa siku nne baadaye.

Mwenzake alipona. Kila Jumapili binti yangu anampima baada ya kuoga na kuandika kwenye daftari la shule lenye jalada la bluu. Jumapili iliyopita ilikuwa gramu 412.

Basi nunua mizani ya jikoni inayosoma gramu mojamoja, uinunue kabla ya kobe. Boksi liwe limewashwa taa kwa siku tatu na joto limetulia kabla hajafika. Siku ya kumleta, mpime, muogeshe, mweke karibu na maficho yake, kisha muache. Huenda asile siku mbili tatu, atajifukia na watoto watalia kwamba amepotea. Msimfukue. Asubuhi endelea na maji yake kama kawaida. Ule uzito wa siku ya kwanza uandike juu kabisa ya ukurasa, pamoja na tarehe.