Maswali na majibu: Korona, mafua na hewa ya chumba kilichofungwa

Mvua zimeanza, watu wanajifungia ndani, na maswali ya kikohozi yameongezeka. Nimechagua yale yanayorudiwa zaidi.

Shikamoo daktari. Kila asubuhi napanda daladala kutoka Mbagala kwenda Kariakoo. Mvua ikinyesha madirisha yote yanafungwa, na abiria wanakohoa. Je, vitakasa mikono vinatosha?

Marahaba. Havitoshi. Virusi vya korona, kama vya mafua, hutoka na pumzi ya mgonjwa anapokohoa, anapoongea, hata anapopumua tu. Matone makubwa huanguka karibu naye, lakini yale madogo sana huelea, na mahali pasipo na upepo yanaweza kukaa hewani kwa muda mrefu. Kwa hiyo mwombe konda dirisha la upande usiopigwa na mvua lifunguliwe, hata upana wa vidole vinne. Usione haya, unawasaidia wote waliomo.

Kisha vaa barakoa, na ifunike pua. Ya hospitali inashinda ya kitambaa, na N95, ile barakoa maalumu ya kuchuja chembe ndogo sana za hewani, inazishinda zote mbili ikikaa vizuri usoni. Ukishaivaa, pumua nje kwa nguvu: ukisikia upepo unapanda machoni, inavuja. Bana ule waya wa juu mpaka ushike mfupa wa pua.

Mikono nayo ioshe kwa sabuni, sekunde 20. Kitakasa kiwe na alkoholi asilimia 60 au zaidi. Kama chupa haijaandikwa chochote, mimi nisingekitegemea.

Mimi ni mwalimu wa kwaya, Moshi. Wanakwaya wawili wana mafua lakini hawataki kukosa mazoezi ya Pasaka. Niwaache waje?

Hapana, mwalimu. Tarehe 10 Machi 2020, kwaya moja ya Skagit, jimbo la Washington huko Marekani, ilifanya mazoezi ya ndani kwa saa mbili na nusu. Walikuwa watu 61, na mmoja wao tayari alikuwa na dalili kama za mafua. Waliougua korona, pamoja naye, walifika 53, na wawili walifariki dunia. Mwimbaji anavuta pumzi ndefu na kuitoa kwa nguvu, na wenzake wamesimama bega kwa bega naye. Wagonjwa wapumzike nyumbani, wengine fanyeni mazoezi uani au chini ya mti, na muda uwe mfupi.

Mama mkwe anatupiga nyungu, pamoja na mtoto wangu wa miaka mitatu. Ni sawa?

Mtoto hapana kabisa. Sufuria ya maji yanayotokota chini ya shuka, na mtoto anayelia na kurusha miguu: ataungua. Kwa mtu mzima mvuke unaweza kulegeza kamasi, basi; hauui virusi vilivyokwisha kuingia mwilini. Mweleze mama kwa heshima, na umwombe amtengenezee mjukuu wake chai ya mchaichai ya vuguvugu. Hiyo haina ubaya.

Nimenunua amoksilini duka la dawa kwa ajili ya mafua. Ninywe vidonge vingapi?

Hata kimoja usinywe. Dawa hiyo inaua bakteria, haigusi virusi.

Nilichanjwa korona mwaka 2021. Bado nina kinga?

Kinga ya kuzuia maambukizi hupungua baada ya miezi. Ile ya kukuepusha na ugonjwa mkali hudumu zaidi. Ukiwa mzee, au una kisukari au presha, ulizia kituo cha afya kuhusu dozi ya kuongeza.

Tunaishi chumba kimoja, mume wangu anakohoa. Nitajitengaje naye?

Pole sana, dada. Dirisha likae wazi, na yeye alale upande wa dirisha. Lazeni vichwa pande tofauti za kitanda. Mkiwa ndani pamoja, nyote vaeni barakoa. Mchana kukiwa hakuna mvua, akae barazani. Mpe maji mengi, na parasetamoli akiwa na homa.

Akianza kuhema kwa shida, kifua kikambana, midomo ikabadilika rangi au akaanza kuchanganyikiwa, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, usiku usiku. Na kikohozi kikifika wiki mbili, apimwe kifua kikuu, hata kama homa imekwisha.