Barua kwa mwanangu: kwa nini nilikaa na sello

Nairobi, Jumapili jioni

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma nikiwa kwenye matatu, nikacheka peke yangu hadi abiria wa jirani akasogea. Unajiandaa kuwapeleka watoto wa okestra Ujerumani, unaniuliza mambo ya maana kabisa kuhusu nyuzi, viti na hati, halafu mwishoni unachomeka: "Na hivi, Mama, ile 2019 tukienda New York na okestra, kwa nini ulikaa na sello safari nzima badala ya kukaa nami?" Kumbe umelibeba miaka yote hii. Haya, nakujibu hilo, na mengine utayaokota njiani.

Ile sello, fidla kubwa kuliko kiti chake, haikuwa yetu. Iliazimwa, na karatasi ya kuiazima ilikuwa na sahihi yangu. Kuitia kwenye mizigo sikuthubutu. Tatizo la mizigoni si presha, maana hata kule chini hewa inashindiliwa sawa na huku juu. Tatizo ni mikono ya kupakia na kupakua. Basi ikakatiwa kiti. Abiria wa namna hiyo huwekwa dirishani ili asimzibie mtu njia ikitokea hatari, hufungwa mkanda wenye kiungio cha kuurefusha, na lazima awe na mtu kando yake. Unakumbuka wapiga trombone walivyodai sahani yake ya chakula? Mhudumu alikataa katakata.

Nyuzi tulizilegeza kidogo tu. Wewe nawe usikubali mtu akwambie uzilegeze zote. Ndani ya sello na fidla kuna kijiti kimesimama kati ya tumbo na mgongo, hakikugundishwa popote, kinashikiliwa na mbano wa nyuzi. Ukizilegeza zote kinaanguka, na huko uwanja wa ndege hutapata fundi wa kukisimamisha. Besi kubwa na ngoma za timpani usizihangaikie, kodini huko huko kama tulivyofanya sisi.

Lakini hiyo ni nusu ya jibu, na najua unajua. Watu wazima tulikuwa wanne, yeyote angeweza kukaa na sello. Niliiomba ile nafasi mwenyewe.

Pale uwanja wa ndege wa JKIA, usiku ule wa baridi ya Julai, kuna bibi alikuja na mjukuu wake wa fidla ya pili, yule mdogo kuliko wote. Alikuwa bado amefunga aproni ya kibandani. Alinishika mkono, akautia mkono wa mtoto ndani yake, akasema: "Mwalimu, huyu hajawahi kulala nje ya nyumba yangu." Mimi si mwalimu, wewe wajua, ni mzazi tu niliyejitolea kubeba pasipoti na vile viapo vya wazazi vilivyogongwa muhuri wa wakili. Sikumsahihisha. Nikatazama orodha ya viti: mimi na wewe bega kwa bega, na yule mtoto safu saba nyuma, kati ya watu asiowajua. Nikaona nikikaa pale, wale wengine wote watakuwa na mlezi na wewe peke yako utakuwa na mama. Nikabadilisha, nikaomba kiti cha kando ya sello.

Ulikuwa na miaka kumi na sita, umekaa na mwenzako wa klarineti mnacheka. Nikajiambia utafurahi kuniepuka. Hapo nilikosea. Ingenichukua dakika moja kukueleza kwenye foleni, na sikuitoa hiyo dakika.

Usiku wenyewe ulikuwa mrefu kweli. Tuliondoka karibu saa sita, na kwa kuwa tulikuwa tukienda magharibi, upande ule ule giza linakoelekea, usiku ulitufuata saa nyingi za safari ile ya saa kumi na tano. Yule mtoto aliamka akilia, akaniuliza kama jua la Marekani limekufa. Nilimpa kiti changu nikasimama. Akalala ameegemea kasha la sello kama ukuta wa nyumbani kwao. Baada yake akaja wa tarumbeta mwenye tumbo, kisha msichana wa viola aliyeota ndoto mbaya. Kile kiti kando ya sello kiligeuka zahanati.

Hewa je? Ndege ilikuwa Boeing 787, ambayo presha ya hewa ndani yake huwa kama uko mita 1,800 juu ya bahari, yaani Nairobi tupu. Kwa hilo hatukutoka nyumbani. Ukavu ndio adui. Unyevu wa hewa ndani ya ndege huwa chini ya asilimia 20, na mbao huanza kupasuka kimya kimya. Klarineti yako ni mpingo, mti wa akina Kilwa na Lindi, mgumu kuliko tabia ya babako, lakini nao hupasuka.

Na kwa kuwa umeuliza hati: mpingo uliingizwa kwenye masharti ya CITES, ule mkataba wa dunia wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, mwanzoni mwa 2017, ndiyo maana Julai ile nilitembea na orodha ya vyombo na uzito wake, ingawa mzigo mdogo usio wa biashara ulisamehewa. Tangu mwishoni mwa Novemba 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika vimeondolewa humo. Wewe kagua pinde za zamani. Ukiona ncha nyeupe na hakuna ajuaye kama ni mfupa au pembe ya ndovu, upinde huo ubaki nyumbani.

Sasa jambo ambalo hukuuliza. Watoto walipolala nilikuja safu yako. Ulikuwa umelala mdomo wazi, kasha la klarineti mapajani. Nililifungua taratibu nikaweka maganda ya chungwa la chakula cha jioni, yamefungwa kwa karatasi yenye matundu, yasiguse mbao. Ni dawa ya wapiga klarineti wa zamani dhidi ya ukavu. Kabla ya kutua nikarudi kuyatoa, maana Marekani hawataki matunda wala maganda yake yapite.

Harufu haikutoka. Yule mbwa mdogo wa ukaguzi pale uwanja wa ndege wa JFK, New York, alikaa kitako mbele ya kasha lako, afisa akalifungua, akakuta klarineti tu. Ukamgeukia mwenzako ukamwambia amekulia chungwa juu ya chombo chako, msisemeshane hadi tamasha la kwanza. Mimi nilikuwa nahesabu watoto, nikanyamaza.

Namba ya mwenzako yule wa klarineti bado unayo. Mpigie umwombe radhi, umwambie ni mimi.

Mama