Tangazo la Halmashauri Lisome Mwenyewe, Usisubiri Kusimuliwa

Mi nina steshenari ndogo hapa Mbeya, iko jirani kabisa na ofisi ya kata, kazi yangu kuchapa, kutoa kopi, kupiga picha za pasipoti na kuskani vyeti vya watu. Ukikaa sehemu kama hii unajua mambo ya serikali bila hata kuuliza. Siku ya mwisho ya tangazo lolote mi naijua kabla sijalisoma, maana asubuhi nakuta watu wameshajaa mlangoni, mama ana muhtasari wa kikundi umeandikwa kwenye daftari la mtoto la hesabu, kijana anatafuta kopi ya cheti cha kuzaliwa ambacho kiko Rungwe kwa bibi yake, na kila mmoja anasema mwisho leo. Ukimuuliza hilo tangazo limetoka lini anakujibu "nimeambiwa jana na jirani." Afu ukitoka nje ukaangalia ubao wa matangazo, karatasi iko pale wiki ya tatu, kona imeshakunjika na jua limeifanya ya njano.

Kwahiyo ushauri wangu wa leo ni mmoja tu na nitauzungushazungusha: karatasi yenyewe ya tangazo ukaione wewe kwa macho yako, usikubali kusimuliwa.

Angalia linavyosafiri. Linaandikwa kwa jina la Mkurugenzi, linashuka kwa mtendaji wa kata, kutoka pale linaenda kwa mtendaji wa mtaa na mwenyekiti, mwenyekiti anawaambia mabalozi, balozi anamwambia mama mmoja kwenye kikoba, na huyo mama ndo anakwambia wewe. Ni kama debe la maji unalopandisha nalo kilima cha Itiji bila kuweka majani juu, ukifika nyumbani limebaki nusu. Lilipotoka lilikuwa linasema "vikundi vilivyosajiliwa vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinakaribishwa kuomba mkopo", huku mtaani linafika likiwa "mikopo imetoka kata." Lilipotoka lilisema mwisho Ijumaa saa 9:30 alasiri, linafika likiwa Ijumaa tu, na mtu anakuja Ijumaa hiyo saa kumi na bahasha yake anakuta mlango umefungwa, anarudi kwangu kulaumu kana kwamba mi ndo nimefunga.

Mfano mzuri ni ule uandikishaji wa Oktoba 2024. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa tarehe 27 Novemba, na kabla yake watu walitakiwa wajiandikishe kwenye daftari la mtaa au kijiji chao kuanzia tarehe 11 mpaka 20 Oktoba. Sasa hapo mtaani ilizungumzwa kwa ufupi, "kuna kujiandikisha", na watu wengi wakajijibu wenyewe kwamba mi kadi ya mpiga kura ninayo, nikajiandikishe nini tena. Kumbe yale madaftari ni mawili tofauti, lile la kadi ni la Tume ya Uchaguzi kwa ajili ya rais, wabunge na madiwani, na hili la mtaani ni la kumchagua mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wake. Tangazo lilieleza vizuri tu, lakini msemaji wa barabarani hana muda wa kueleza madaftari mawili.

Gari la matangazo nalo msilitegemee sana jamani. Linapita, spika inakoroma, bajaji zinapiga honi, dereva hapunguzi mwendo, wewe unasikia "wananchi wote wa kata ya... mnatangaziwa kuwa siku ya... bila kukosa." Hiyo "bila kukosa" ndo inasikika kila siku. Ukisikia gari, ichukulie kama umeitwa tu, kesho yake pitia ofisi ya mtaa ukaulize lilikuwa linasema nini.

Sasa ukifika ubaoni usisome kichwa cha habari ukaondoka. Kuna watu wanapiga picha na simu, safi kabisa, lakini wanapiga pale katikati kwenye maandishi makubwa, wanakata chini. Na chini ndo kwenye mambo. Chini kuna viambatanisho, kuna tarehe ya mwisho, kuna ofisi gani upeleke na chumba gani. Watu wananiletea hizo picha niwasaidie kusoma, naona "mwombaji aambatanishe:" afu picha imeishia hapo. Piga karatasi nzima kuanzia nembo mpaka mhuri. Na mvua zikianza hapa Mbeya mnajua zenyewe, hazikatiki, maji yanaingia kwenye vile vibao visivyo na kioo na wino wa printa unashuka chini wote, kwahiyo ukiliona leo lipige leo. Pia funua, yaani kweli funua kwa mkono, maana juu ya tangazo la halmashauri utakuta mtu kabandika lake la chumba cha kupanga au la mganga anayerudisha mpenzi kwa siku moja.

Vitu vya kuangalia ni hivi hivi vya kawaida. Kumbukumbu namba juu, tarehe, sahihi na mhuri. Kama halina tarehe liulizie kwanza kabla hujatumia hela ya nauli. Na kama una bando ingia kwenye tovuti ya halmashauri yako, zote mwisho zina .go.tz, kuna sehemu imeandikwa Matangazo, mara nyingi lile lile la ubaoni unalikuta pale likiwa zima halijalowana. Dada yangu yuko Iringa, Kihesa, yeye siku hizi anafanya hivyo hivyo na ya manispaa yao, anasema kaacha kugombana na watu wa kwenye grupu.

Magrupu sasa. Grupu la mtaa la WhatsApp lina faida, nisiwe mnafiki, maji yakikatika au umeme ukienda unajua ndani ya dakika mbili kama ni kwako tu au mtaa mzima. Lakini kwenye matangazo ya serikali lina tabia ya kufufua maiti, tangazo la ajira za muda la mwaka juzi mtu analifowadi leo na maneno "wahini vijana", na vijana wanawahi kweli, wanakuja kwangu kuchapa barua. Tunaanza kuangalia tarehe pamoja, kimya, kijana anakunja karatasi anaondoka.

Na hapo hapo ndo wanapoingia wale wa tuma-kwa-namba-hii. Akikwambia fomu ya mkopo elfu kumi, ya haraka, tuma kwenye namba hii jina litakuja la mtumishi, we funga simu. Malipo ya serikali yanakwenda kwa kontrol namba, ni tarakimu 12 zinaanzia na 99, na ukiingiza kabla hujalipa unaona jina la taasisi inayopokea. Mtumishi wa kweli hatakuomba utume kwenye laini yake. Na hata kama ni mtu unayemfahamu, ni jirani, mnasali wote, mwambie naomba kontrol namba, hatachukia kama ni kazi ya halali. Akichukia umeshapata jibu.

Niseme kidogo zaidi kuhusu hii mikopo ya asilimia kumi, maana ndo inayoleta watu wengi zaidi dukani kwangu na ndo inayoliza wengi. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, na mkopo hauna riba. Ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu upangwe upya, ikaanza tena 2024. Sasa watu wanasubiri tangazo litoke ndo waanze kuunda kikundi. Haiwezekani. Tangazo likitoka unapewa siku chache, na ndani ya hizo siku unatakiwa uwe na kikundi kilichosajiliwa, katiba, muhtasari wa kikao mliokubaliana kukopa, akaunti ya benki ya kikundi, andiko la mradi na barua za mtaa. Kufungua akaunti peke yake watia sahihi watatu kupatikana siku moja ni kazi, mmoja yuko shamba Uyole, mwingine kaenda msibani Tukuyu, wa tatu kitambulisho cha NIDA ana namba tu.

Vikundi ninavyoviona vikifanikiwa ni vile ambavyo afisa maendeleo ya jamii wa kata anavijua kwa jina tangu zamani, vinakutana, vinaweka hela zao kidogo kidogo, muhtasari upo wa kila kikao. Tangazo likitoka wao wanakuja kutoa kopi tu. Huyo afisa maendeleo mfuateni mapema, ndo kazi yake, na mambo ya umri na idadi ya wanachama mwulizeni yeye au msome kwenye tangazo la mwaka huo, maana kanuni zinarekebishwa na yule jirani yako aliyekopa zamani anakuelekeza ya zamani.

Halafu kuna mikutano ya mtaa. Najua, inachosha. Mnaitwa saa nane mnaanza saa kumi, jua la Mbeya linadanganya, kivulini baridi juani unaungua, mjumbe anaongea habari za taka nusu saa. Watu wanaanza kutoroka mmoja mmoja. Lakini kwenye ajenda pale mwisho kuna kitu kinaitwa "mengineyo", na mi nawaambia, kama mnaenda mkutanoni kwa ajili ya ajenda moja basi iwe hiyo. Hapo ndo mtendaji anatoa barua mfukoni anasema, kuna kazi ya barabara inakuja, kuna watu wa upimaji wa viwanja watapita wiki ijayo muwepo na majirani zenu wa mipaka, kuna chanjo. Waliobaki ni wazee na akina mama wenye watoto mgongoni, na hao ndo wanajua kila kitu mtaani. Bibi mmoja hapa jirani haondoki mpaka wafunge, watu wanapita kwake jioni kuuliza wameongea nini, anajibu kwa kujidai, wakishukuru "ndaga fijo" anaitikia kama diwani. Na ukitaka kwenda juu zaidi, Baraza la Madiwani linakaa kila robo mwaka na mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza, sema wengi hatujui hata mlango uko wapi.

Kwenye huduma za afya fupi tu: chanjo za kampeni zina siku chache sana. Ile ya surua na rubella Februari 2024 ilikuwa siku nne, tarehe 15 mpaka 18, kwa watoto wa miezi tisa mpaka chini ya miaka mitano. Ukisikia "madaktari bingwa wanakuja hospitali ya wilaya" nako ni hivyo hivyo, uliza wanakuja wa magonjwa gani, kabla hujamtoa mgonjwa Mbarali kwa bodaboda.

Matukio ya sherehe nayo yanabadilisha ratiba za ofisi na hilo halitangazwi waziwazi, lazima ujiongeze. Mwenge ukiwa kwenye halmashauri yenu usipange kwenda kutafuta sahihi ya mtu yeyote, watendaji wako njiani kwenye mkimbio, ofisini utakuta mlinzi. Mwaka 2025 kilele chake kilikuwa hapa hapa Mbeya, tarehe 14 Oktoba Uwanja wa Sokoine, waliopanga kumalizia mambo ya ofisi wiki ile mnajua ilivyokuwa. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni usafi, kwetu maduka tunafungua tukishamaliza, na anayekuja asubuhi kutoa kopi ananikuta na fagio.

Nane Nane ndo ya kutumia vizuri. Watu wanaenda pale Uwanja wa John Mwakangale kula nyama na kuangalia ng'ombe wakubwa, sawa, lakini halmashauri za mikoa yetu hii ya nyanda za juu zina mabanda pale, na ndani ya banda kuna maafisa wale wale ambao ofisini kwao unapanga foleni. Pale wamekaa, wamevaa fulana, wanatamani mtu awaulize kitu. Nenda siku za mwanzo, tarehe mbili tatu hivi, tarehe nane yenyewe ni vumbi na watu na viongozi huwezi hata kuongea. Uliza habari ya leseni, ya kikundi, ya kiwanja, chukua na jina la afisa na siku yake ya kuwepo ofisini.

La mwisho ni ombi langu la dukani. Mkija kuchapa muhtasari wa kikundi aje mtu mmoja anayejua majina yote matatu ya wanachama kama yalivyo kwenye vitambulisho vyao. Msije watano mkaanza kubishana mbele ya kompyuta kama Mama Neema anaitwa Tusajigwe au Tusekile, foleni iko nyuma yenu na ofisi inafungwa saa tisa na nusu.