Maswali ya Wasomaji: Huruma, Mizani na Stakabadhi

SWALI: Mimi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika (AMCOS). Mama mdogo wangu, mjane, ameleta magunia 10 ya korosho. Mashine ya unyevu imesoma asilimia 14, na sisi mwisho wetu ni 10. Mwanawe anadaiwa ada wiki hii. Ananiomba niandike kuwa ni kavu. Nikikataa, ukoo utasema sina utu. Nikikubali, nimeandika uongo. Wanafalsafa wa maadili wangenishauri nini?
Karani, Tandahimba

JIBU: Kabla ya wanafalsafa, shika kalamu. Gunia la kilo 80 lenye unyevu wa asilimia 14 lina kilo 68.8 tu za korosho yenyewe. Zilizobaki ni maji. Likikaukia ghalani hadi asilimia 10 litakuwa na kilo 76 na ushei. Kwa magunia 10, zitapungua karibu kilo 36 ambazo wewe umeshaziandika kwenye stakabadhi. Upungufu huo lazima uangukie mtu, na mara nyingi ni wanachama wenzake. Ukungu ni mbaya zaidi. Korosho mbichi ikirundikwa kati ya magunia makavu huota ukungu, punje hubadilika rangi, na mnunuzi akipasua sampuli hushusha bei ya fungu zima.

Sasa nadharia. Jeremy Bentham, katika kitabu chake cha 1789, alitaka tendo lipimwe kwa raha na maumivu linayoleta, akataja vipimo 7. Vitatu vinakutosha: uhakika, muda na upana, yaani idadi ya watu wanaoguswa. Wengi hukosea kwenye upana, kwa sababu mama mdogo yupo mbele ya mizani analia, ilhali wakulima wenye korosho katika fungu lilelile hawaonekani. Wahesabu nao. Halafu angalia uhakika: je, uongo huu utalipa ada? Katika mfumo wa stakabadhi ghalani, ambapo mkulima hupewa stakabadhi na mzigo hukaa ghalani hadi uuzwe, fedha huja baada ya mnada, haziji siku ya kupima. Unaombwa uongo ambao hata kazi yake hauwezi kuifanya wiki hii. Hapo hesabu ya manufaa imekwisha kukujibu.

Immanuel Kant, aliyeandika mwaka 1785, hangeuliza matokeo. Angekutaka utamke kanuni unayoifuata, kisha uone kama ingesimama endapo kila mtu angeifuata. Kazi yote iko kwenye kuitamka kanuni. Ukisema “nitawasaidia wahitaji”, umepanua mno, kila kitu kitapita. Ukisema “nitamwandikia mama mdogo wangu magunia 10 msimu huu”, umebana mno, nacho kitapita. Kanuni yako hasa ni hii: “Nikimwonea ndugu huruma, nitaandika kwenye stakabadhi kipimo ambacho si cha kweli.” Makarani wote wakiifuata, hakuna mnunuzi wala benki itakayoamini stakabadhi, na uongo wenyewe hautamfaa tena anayeusema. Kanuni inajiua. Kwa maoni yetu hiki ndicho kipimo chenye nguvu kuliko vyote katika kazi yako, maana karani anauza kitu kimoja tu: neno lake kwenye karatasi.

Aristotle angekugusa mahali pengine. Kwake fadhila hukaa kati ya kupungukiwa na kuzidisha: huruma ikipungua ni ukatili, ikizidi inakuwa ulegevu. Lakini katikati hiyo si nusu kwa nusu. Usije ukaandika asilimia 12 ukadhani umepata wastani. Hapo umedanganya pande zote mbili.

Fanya hivi. Kwanza, mpishe karani mwenzako apime mzigo huo, kwa kuwa wewe ni ndugu. Pili, korosho zianikwe kwenye turubai au sakafu ngumu, tabaka jembamba, zigeuzwe mara kwa mara na kufunikwa jioni. Siku 2 au 3 za jua kali kwa kawaida hutosha, na huenda zisimkoseshe hata mnada mmoja. Zikikauka vizuri utasikia zinagongana ukizitikisa, ingawa mwamuzi ni mashine. Tatu, ada ni jambo la ukoo. Nendeni shuleni mkaombe muda mkiwa na karatasi ya mzigo mkononi, na kama mfuko wako unaruhusu, toa chako. Huruma yako ilipe kwa fedha yako, si kwa kilo za wenzako.

SWALI: Kaka yangu anavua kwa baruti. Nimemsihi hasikii. Nikimripoti atafungwa, na watoto wake 4 watalala njaa. Nikinyamaza je, nami nina kosa?
Mdogo mtu, Mikindani

JIBU: Hapa ugumu ni wa kweli, na hatutaki kukudanganya kwamba kuna jibu lisiloumiza.

Anza na kinachotokea chini ya maji. Mlipuko hupasua kifuko cha hewa ndani ya samaki, wengi huzama bila kuokotwa, na matumbawe huvunjika kuwa kokoto zinazobingirika na mawimbi, kiasi kwamba matumbawe machanga hayapati pa kushika. Mahali kama hapo huweza kukaa miongo bila kupona. Kwa hiyo hupimi watoto 4 dhidi ya sheria tu. Unapima watoto hao dhidi ya watoto wa wavuvi wote wa mwamba huo, wa kaka yako wakiwemo.

Mwanafalsafa wa kukufaa ni W. D. Ross, aliyeandika mwaka 1930. Alisema tuna wajibu wa aina kadhaa: kutimiza ahadi, kufidia, kushukuru, kutenda haki, kusaidia, kujiendeleza, na kutodhuru. Hakuna unaoshinda siku zote. Zikigongana unapima kwa hali iliyopo, na ule ulioshindwa haufutiki. Hapa ndipo wengi huteleza: wakishaamua, wanadhani deni la upande wa pili limekwisha.

Kwa uzito wa jambo, tunaona kutodhuru wavuvi wengine kunashinda. Mwambie kaka mbele ya mkubwa mmoja wa familia, mpe siku ya mwisho inayojulikana, na mtafute naye chombo au nyavu halali. Siku hiyo ikipita, nenda BMU (kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi ufukweni) au kwa ofisa uvuvi. Lakini ukijua leo ana baruti ndani ya nyumba wanamolala watoto, hakuna cha kusubiri. Na deni lako kwa watoto linaanza siku ileile: sema mapema na ndugu nani atatoa unga, nani ada. Ukiripoti bila kupanga hilo, umefanya nusu ya wajibu.

SWALI: Mwalimu ametupa zoezi la kulinganisha Mill na Kant na kusema nani yuko sahihi. Niandikeje?
Mwanafunzi, Masasi

JIBU: Usiandike kwamba wote wana ukweli wao. Tafuta mahali wanapogombana. Mpe John Stuart Mill, ambaye kama Bentham alipima tendo kwa manufaa yake, kesi ya kumwadhibu asiye na kosa ili umati wenye hasira utulie, uone kama hesabu ya manufaa inaweza kulikataa hilo, na kwa sababu gani. Mtetezi wake atakimbilia faida ya kuwa na kanuni za haki kwa muda mrefu, nawe pima kama inatosha. Mpe Kant kesi aliyoijibu mwenyewe mwaka 1797: muuaji anagonga mlango akimtafuta rafiki yako uliyemficha. Kant alisema hata hapo usiseme uongo. Ukikataa jibu lake, onyesha ni hatua gani ya hoja imekosea. Kusema tu kwamba linaumiza hakutakupa alama. Kisha chagua upande, na utaje ni taarifa gani ingekufanya ubadili uamuzi.