Nusu saa ya kwanza ya semina: ianze mikono, mdomo utafuata

Mkuu, umesema ofisi mbili zimeunganishwa, mnakwenda semina ya siku mbili Mtwara mjini, mko 30, nusu hawajuani, na bosi amekukabidhi nusu saa ya kwanza "uwachangamshe". Unaogopa watakukodolea macho tu. Naomba nikujibu kwa urefu, maana kazi ya uwezeshaji nimeifanya huku Kusini miaka mingi, kutoka Kilwa Masoko mpaka Newala, na niliianza kwa kumuumiza mtu.

Ilikuwa Lindi mjini, watumishi kama 20. Nikawapa mchezo ambao hata wewe utashauriwa na wengi: kila mmoja ataje mambo matatu ya maisha yake, mawili ya kweli na moja la uongo, wenzake wabahatishe uongo ni upi. Wa kwanza alikuwa kijana aliyedai amewahi kupanda ndege, tukacheka. Wa tano alikuwa mama mmoja mpole wa masjala. Akasema kwao ni Ruangwa, ana watoto wanne, na anajua kuogelea. Wenzake wakapaza sauti: "Watoto! Wewe si una watatu!" Akanyamaza. Uongo wake ulikuwa huo wa kuogelea. Mtoto wa nne alikuwa amefariki mwaka uleule, na mama yake bado alikuwa anamhesabu.

Nilimwomba radhi palepale, na jioni nikaenda nyumbani kwake nikamwomba tena. Alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Mchezo wenyewe hauna ubaya kwa watu wanaojuana. Kosa nililifanya mimi, kuwadai watu habari za maisha yao saa mbili na nusu asubuhi, kabla hawajapeana hata chumvi.

Tangu siku ile naanza na mikono. Mtu akiwa na kitu cha kushika na kazi ya kufanya, hana haja ya kutafuta la kusema. Macho yanahama kutoka kwake yanakwenda kwenye kazi. Maneno huja yenyewe, na yanakuja yakiwa ya kawaida: sogea, inua, subiri, pita hapa.

Mchezo ninaokushauri unatokana na ule wa fundo la watu, unaochezwa nchi nyingi. Watu husimama duara, kila mmoja anashika mikono ya watu wawili tofauti walio ng'ambo yake, kisha wote wanajifungua bila kuachia. Ni mchezo mzuri, ila hapa kwetu una tatizo la wazi. Pwani hii usitegemee mama wa heshima zake ashike mkono wa mwanaume asiye wake mbele ya watu, abanane naye, apite chini ya kwapa lake. Akikataa anaonekana mgumu. Akikubali kwa aibu, ndiyo mbaya zaidi.

Dawa yake nilifundishwa Newala, kwenye mafunzo ya bodi na wafanyakazi wa chama kimoja cha msingi cha korosho. Nilishawapanga duara, nikasema shikaneni mikono, kina mama wakarudi nyuma hatua moja, wote kwa pamoja. Bibi mmoja mjumbe, aliyekuwa amejitanda kanga ya pili kwa ajili ya baridi ya kule juu, akaivua, akaiviringa kama kamba, akampa mzee aliyekuwa ng'ambo ncha moja. Akaniambia, "Mwalimu, wape kanga. Mkono wa mtu una mwenyewe." Kina mama wengine wakatoa za kwao, na mchezo ukaenda.

Sasa namna ya kuufanya. Watu 30 wagawe makundi matatu ya kumi kumi, na kila kundi lichanganye ofisi zote mbili. Zaidi ya 12 fundo linakuwa kubwa mno, wa katikati wanafanya kazi na wa pembeni wanasubiri. Kanga njoo nazo wewe, moja kwa kila mtu. Usiwaombe kina mama wavue za kwao. Newala walijitolea wenyewe. Chukua za zamani, zilizofuliwa zikalainika, maana mpya bado ina wanga na inateleza mkononi. Kila mtu anaiviringa ya kwake, anashika ncha moja kwa mkono wa kulia. Ncha ya pili anamrushia mtu wa ng'ambo, asiwe jirani yake wa kulia wala wa kushoto, naye anaidaka kwa mkono wa kushoto. Mwisho kila mmoja ana kanga yake kulia na ya mwenzake kushoto, na katikati pamesokotana. Waambie: jifungueni mpaka mrudi kuwa duara, bila kuachia ncha.

Kabla hawajaanza kujifungua kuna hatua moja ambayo wawezeshaji wengi wanairuka, halafu wanashangaa kundi limekwama. Mtu mmoja avute kidogo kanga yake ya kulia. Atakayehisi mvuto mkono wa kushoto naye avute ya kwake, hivyo hivyo mpaka mvuto urudi kwa aliyeanza. Hesabuni. Mvuto ukipita kwa wote kumi, mna duara moja. Ukirudi baada ya watu wanne, kumbe mna maduara mawili au zaidi yaliyopitana, na hata mhangaike vipi hayawezi kuwa moja. Hapo chukua mtu mmoja wa duara la kwanza na mmoja wa la pili, wabadilishane zile ncha za mkono wa kushoto, basi, yameungana. Hatua hii pia inawanyamazisha watu kwa namna nzuri. Utaona kumi wazima wamekaza macho wanasubiri kuguswa zamu yao.

Mengine ni madogo. Wakimaliza huku baadhi wameangalia nje ya duara, ni sawa. Fundo likiwa la kweli kweli, lisilofunguka (hutokea), wape ruhusa ya kuachia ncha moja tu, lakini wakubaliane wote ni ipi. Mjamzito, mwenye mgongo, au mzee asiyeweza kuinama usimkalishe pembeni. Huyo ndiye jicho la kundi. Asimame anapoona vizuri, awaelekeze kanga ipi imepita juu ya ipi. Nimeona makundi yakiokolewa na jicho mara nyingi. Usiweke mashindano kati ya makundi. Na adhabu zile za "aliyekosea atuchezee ngoma" ziache kabisa, naomba sana. Mtu mwenye haya akishaaibishwa asubuhi, siku mbili zote mmemkosa.

Kundi la kumi huchukua kati ya dakika kumi na kumi na tano. Likishafunguka, msikae. Hapo ndipo mdomo unapoingia. Kila mtu kwa zamu akunjue kanga yake, kundi limsomee kwa pamoja jina la kanga, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake. Kanga zetu zina maneno, basi tuyatumie. Mwenye kanga aseme anaitwa nani, yuko ofisi ipi, na hiyo kanga angempelekea nani. "Wema hauozi", mtu anasema angempa shangazi aliyemsomesha. "Japo sipati tamaa sikati", watu wanacheka kabla hajasema. Anachagua mwenyewe afungue mlango kiasi gani. Lile la kusomewa na kundi nililiweka kwa makusudi: kwenye vikundi kuna walinzi na wapishi wasiosoma vizuri, na kanuni ikiwa moja kwa wote hakuna anayejulikana. Majina uyapitie nyumbani kwanza. Yapo ya mafumbo ya wake wenza na majirani wagombanao, hayo yaache kabatini.

Kingine, huku utani wa makabila uko hai. Myao wa Masasi na Mmakonde wa Newala wakishazoeana watarushiana maneno ambayo mhasibu aliyehamia juzi kutoka Shinyanga atadhani ni matusi. Usiuzuie, ila usimame karibu na mgeni umwambie kinachoendelea.

Muda: fanyeni asubuhi kabla ya chai, chini ya mwembe au ukumbini, maana jua la Mtwara saa nne si la kuchezea. Kama ni Ijumaa, ratiba yenu ijue mapema saa ya sala. Na kama ofisi zenu zinagusa korosho, semina ya Oktoba au Novemba watu watakuwa na wewe kimwili tu, akili iko mnadani.

Narudi Newala. Mwenyekiti wa chama alikuwa amesimama pembeni anapiga picha kwa simu. Nikamwomba aingie, akaingia shingo upande. Alikwama, na njia pekee ilikuwa apite chini ya kanga ya karani wa mizani, kijana mdogo kuliko wote pale. Kijana akasita, kisha akasema, "Mwenyekiti, shikamoo, inama." Akainama. Ukumbi ulilipuka kwa kicheko, na mwenyekiti akacheka kuliko wote.

Mchana tukazungumzia malalamiko ya wakulima. Yule karani akanyoosha mkono, akaeleza kwamba msimu uliopita mzigo ulikaa chamani siku nyingi kabla ya kwenda ghala kuu, korosho zikanyauka, na kilo zilizopungua akalaumiwa yeye. Wajumbe walisema hawakuwahi kumsikia akiongea kikaoni. Mwenyekiti akamwuliza, "Kwa nini hukuniambia?" Kijana hakujibu. Mwenyekiti naye hakumkazania, akaandika kwenye daftari lake siku ambazo kijana alizitaja.

Kwa hiyo bosi wako usimshtukize asubuhi. Mfuate jioni ya kuamkia semina, mweleze mchezo wote, na mwambie kwa heshima kwamba atashika kanga kama wengine, simu aiache mezani, na mtu wa chini yake akimwambia ainame, ainame.